Chumvi haijapotea: ninavyofundisha kuyeyusha na kutenganisha

Nafundisha kemia kidato cha pili hapa Bagamoyo, na ugumu wa mada hii huanzia kwenye neno lenyewe. Barafu inayeyuka, na sukari kwenye chai nayo inayeyuka. Ya kwanza inataka joto tu, ya pili inataka maji, ila jina ni moja. Basi kabla hatujagusa kifaa chochote nauliza: chumvi ikishakorogwa kwenye maji, iko wapi? Wengi husema imepotea, wengine imegeuka maji. Usiwasahihishe, mwalimu mwenzangu. Andika majibu yao ubaoni, yakae.

Sasa mizani. Waweke gramu 100 za maji kwenye bika waliyokwisha kuipima, na gramu 30 za chumvi safi ya mezani. Kila mtu aandike anachotabiri, kisha wakoroge hadi maji yawe maangavu. Ukitoa uzito wa bika, unapata 130. Hapo darasa hunyamaza. Nyamaza nao.

Chota gramu 26 za myeyusho huo, weka kando. Kwenye uliobaki waongeze chumvi kidogokidogo mpaka chembe zikatae kuisha. Maji yameshiba: kwa joto la kawaida, gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi. Watadai moto utasaidia. Waache wajaribu, hata yakichemka hayafikishi 40. Sukari ni habari nyingine, inafika kama 200.

Turudi kwenye zile gramu 26. Kila gramu 13 zina 3 za chumvi, kwa hiyo wanadai gramu 6. Wamimine kwenye kibakuli cha kauri kilichopimwa, juu ya moto mdogo. Mwaka wangu wa kwanza niliacha moto mkali hadi maji yakauke. Chumvi ikaanza kuruka na chembe ikamchoma mtoto shavuni. Lilikuwa kosa langu. Siku hizi kila mmoja anavaa miwani, na moto nauzima maji yakiwa yamebaki kidogo, jua limalizie.

Kundi likipata 6.4, chumvi bado mbichi, ikaushwe tena. Likipata 5.7, lisifute namba. Litafute kilichopungua kwenye ukingo wa bakuli na kwenye kijiti cha kukorogea. Kwangu mimi huo msako ndio somo lenyewe.

Kipindi kinachofuata nawapa chumvi iliyochanganywa na mchanga wa ufukweni: waongeze maji, wakoroge, wachuje, wakaushe. Maji yaliyochujwa yanaonekana safi, nao huamini hayana kitu. Kuonja maabara ni marufuku, hivyo nadondosha tone kwenye bati jeusi juani. Doa jeupe linabaki.

Na maji yenyewe je? Nawakumbusha matone chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Ukiyakinga, umekeneka, yaani umechemsha maji yawe mvuke, kisha ukaupoza mvuke uwe maji tena.

Mwisho tunakwenda kwenye mashamba ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Tukiwa tumesimama kwenye tuta nawauliza: gunia la kilo 50 limekausha lita ngapi? Wanachuchumaa, wanapiga hesabu mchangani kwa kijiti, na wa kwanza kuvuka lita 1,400 hunitazama kuhakikisha hajakosea.