Kabla hujaifuata alama ya njano: vilima vya Wicklow, Ireland

Mtu aliyepanda Kilimanjaro, au hata Longonot tu, akiambiwa kwamba sehemu ya juu kabisa ya njia ya miguu iitwayo Wicklow Way ina mita 630, lazima acheke. Mimi nilicheka. Nikatoka Dublin na suruali ya jinzi, raba na chupa moja ya maji. Saa mbili baadaye nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiwe, meno yanagongana, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, kiangazi cha huko. Sikuwa nimepotea, alama nilikuwa naziona vizuri kabisa. Nilikuwa nimelowa, basi, na upepo wa juu kule hauna huruma na mtu aliyelowa.

Kwa hiyo hofu ya urefu iache nyumbani. Huku hutaumwa kichwa kwa hewa nyembamba. Kinachowashinda watu ni maji na upepo.

Wicklow Way ndiyo njia ndefu ya kwanza kuwekewa alama nchini Ireland. Wazo lilitolewa na J. B. Malone, mwandishi wa habari za matembezi, mwaka 1966, na kipande cha kwanza kikafunguliwa mwaka 1980. Inaanzia Marlay Park, kusini mwa Dublin, na kuishia kijiji cha Clonegal katika kaunti ya Carlow, karibu kilomita 130. Utaitambua kwa nguzo fupi zenye picha ya mtu wa njano anayetembea, na mshale wa kukuonyesha upande. Wengi wetu hatuimalizi yote, tunachukua kipande cha siku moja. Anayeanza ningempeleka Glendalough, kwenye mabaki ya monasteri ya Mtakatifu Kevin, afuate mishale myeupe inayopanda ukingo wa Spinc na kurudi kwa bonde la Glenealo. Ni kama kilomita 9, ziwa liko chini yako muda mrefu, na sehemu kubwa ya mpando ni ngazi za mbao. Magoti yatazikumbuka.

Anza na nguo, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Pamba ni rafiki yetu nyumbani, lakini huku inakusaliti: inakunywa maji, inakaa nayo, na maji yale yananyonya joto la mwili wako hatua kwa hatua. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, ikilowa inakuwa nzito kama gunia. Vaa fulana ya sufu au ya kitambaa cha michezo, juu yake sweta, na juu ya vyote koti la mvua lenye kofia. Koti lisilopitisha maji kweli, si lile la mjini ambalo manyunyu ya dakika kumi yanalimaliza. Beba suruali ya mvua pia, kofia ya kufunika masikio na glavu, hata kiangazi. Joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, halafu upepo unaongeza yake. Mwavuli usiuguse. Soksi za akiba ziweke ndani ya mfuko wa plastiki, utanishukuru.

Viatu viwe buti zenye nyayo zenye meno. Ardhi ya juu ni udongo mweusi wa mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, umeshika maji kama sifongo, na mguu unaweza kuzama hadi kwenye shavu la mguu kabla hujajua. Ndiyo sababu upande wa vilima vya White Hill na Djouce wametandika mataruma ya reli watu wapite juu yake. Usitoke kwenye mataruma hayo kukwepa dimbwi au kupiga picha. Kila anayetoka anapanua kidonda cha ardhi ile.

La pili ni saa. Sisi tumezoea jua linalozama saa 12 jioni mwaka mzima, na mwili unapanga siku hivyo bila kufikiri. Dublin mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku. Desemba, saa 10 jioni na dakika chache kwisha kazi. Mskoti William Naismith aliacha hesabu nyepesi mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ile nyeupe ya Spinc, yenye mpando wa mita 380 hivi, inakupa kama saa mbili na nusu. Ongeza saa moja ya kupumua, chai na picha. Tochi ya kichwani iwe mkobani hata kama unatoka asubuhi.

Utabiri usome wa milimani, kwa sababu wa mji unadanganya. Idara ya hali ya hewa, Met Éireann, hutoa maonyo ya njano, rangi ya machungwa na mekundu. Kuna watakaokwambia la njano ni dogo. Kwa mgeni, la njano la upepo linatosha kukufanya ubaki nyumbani upike pilau.

Na nguzo zile zisikufanye ulale. Ukungu ukishuka, umbali kati ya nguzo na nguzo unakuwa mrefu ajabu, na msituni wakati wa kukata miti njia hufungwa au kuelekezwa kwingine. Ramani ya karatasi ya eneo hilo na dira havili chaji. Simu inakula, na kwenye baridi inakula haraka zaidi.

Mwambie mtu unapita wapi na utarudi saa ngapi. Likitokea la kutokea, piga 112 au 999 na utamke "Mountain Rescue", kisha utaje mahali ulipo. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, hawatakudai hela. Pasipo mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: Ireland hakuna haki ya jumla ya kukatiza ardhi ya mtu. Vipande vingi vya njia vinapita kwenye mashamba kwa hisani ya wenyewe. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache. Mbwa mwache nyumbani, kwani akisumbua kondoo, sheria katika mazingira fulani inamruhusu mfugaji kumpiga risasi.

Ukirudi, kabla ya kuoga, jikague nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Kupe wa kwenye majani marefu wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Ukiona duara jekundu linatanuka siku au wiki chache baadaye, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa Wicklow.