Kabla hujagusa opsheni za XLE ukiwa Dodoma

Pesa kwanza. Kama ni ada ya mtoto, hela ya kikoba au mkopo wa kausha damu, funga hiyo programu ya broka ukalale. Hapo sina la kuongeza.

Pili, jua unachonunua. XLE ni mfuko wa hisa za makampuni ya nishati ya Marekani. Uko sokoni tangu 1998, na sehemu kubwa ya uzito wake imebebwa na kampuni mbili tu, ExxonMobil na Chevron. Usiuchanganye na pipa la mafuta. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei ulifunga kwenye hasi ya dola 37.63 kwa pipa, lakini hisa za makampuni hayo ziliendelea kuuzwa kwa bei yake, maana kampuni ina visima, viwanda vya kusafishia na wateja wa miaka mingi. Anayekuambia "mafuta yanapanda, ingia XLE" amekupa nusu ya habari. Na bei kikomo za mafuta za EWURA, mdhibiti wetu wa nishati, za kila mwezi usizifanye dira kabisa. Zile zinakuja nyuma ya soko la dunia, wewe unataka kujua linakoelekea.

Opsheni yenyewe ichukulie kama kishika bei unachomwachia mkulima wa alizeti: unalipa kidogo leo ili uwe na haki ya kununua gunia kwa bei mliyokubaliana hadi tarehe fulani. Tarehe ikipita hujanunua, kishika bei kimekwenda. Ukinunua haki ya namna hiyo, kikubwa utakachopoteza ni ulicholipa, mradi usiiache itekelezwe bila kujua. Ukiiuza wewe, mzigo wote ni wako. Mkataba mmoja hubeba hisa 100, kwa hiyo primiamu, yaani kile kishika bei, ikiandikwa dola 1.20 utakatwa dola 120 na ada juu yake. Wapo wanaogundua hilo baada ya kubonyeza.

Saa nazo zipange. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu na kufungwa saa tano usiku. Miezi mingine sogeza saa moja mbele. Takwimu za akiba ya mafuta za serikali ya Marekani kwa kawaida hutoka Jumatano, saa moja baada ya soko kufunguliwa. Kama unafanya kazi Mji wa Serikali Mtumba, wakati soko linafunguliwa wewe uko kwenye basi la kurudi mjini, mtandao unakuja na kuondoka. Ukifika nyumbani umeme ukikatika, uwe na bando na simu yenye chaji. Usifungue mkataba ambao hutaweza kuufunga.

Sasa siku ya mwisho ya mkataba. Hapa nataka usome taratibu, maana ndipo nilipoona mtu akiumia.

Kijana mmoja wa Area D, mwerevu kwelikweli, aliuza opsheni ya kuuza ya XLE yenye bei ya dola 90, yaani aliyeinunua ana haki ya kumuuzia yeye hisa kwa bei hiyo, akanunua nyingine ya dola 88 ya kumlinda. Vijana huita spredi. Alipokea dola 60, na hesabu yake ilikuwa safi: tofauti ya bei mbili ni dola 200, toa 60, hasara kubwa kabisa ni 140. Ijumaa ya mwisho XLE ikafunga 89.40. Yeye alikuwa kikao cha harusi Kisasa, simu imezimwa mlio. Aliporudi usiku aliona bei iko juu ya 88, akasema kinga haijaguswa, akalala.

Jumamosi asubuhi alinijia na simu mkononi. Ile ya dola 90 aliyouza ilikuwa imetekelezwa: amenunua hisa 100 kwa dola 9,000, zaidi ya shilingi milioni 20, na akaunti yake haikufika hata dola 1,100. Ile kinga ya 88 ilikufa Ijumaa kwa sababu bei haikushuka hadi pale. Hesabu ya 140 ilikuwa kweli mradi pande zote mbili ziko hai, na sasa moja haipo. Jumamosi hakuna soko, wala Jumapili. Jumatatu broka hakumsubiri, aliziuza hisa soko lilipofunguliwa kwa 86.50. Hasara dola 290, zaidi ya mara mbili ya ile aliyoiita kubwa kabisa. Tulishukuru Mungu, maana kwenye nishati wikiendi huwa na mambo. Ijumaa ya tarehe 6 Machi 2020 mazungumzo ya OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na Urusi yalivunjika, na Jumatatu yake sekta ya nishati ya soko la Marekani ikaanguka takribani asilimia 20 kwa siku moja. Weka hiyo kwenye hisa za dola 9,000 ambazo hukupanga kuwa nazo.

Kwa hiyo: opsheni yoyote iliyo ndani ya faida, yaani bei yake inamlipa mwenye nayo kuliko bei ya soko, hata kwa senti moja siku ya kuisha hutekelezwa yenyewe, mwenye nayo asipoagiza vinginevyo. Na aliyeinunua kwako ana haki ya kuitekeleza siku yoyote kabla ya hapo. Spredi ifunge mwenyewe Alhamisi, hata kama inakugharimu dola 10 za faida. Muulize broka kwa maandishi atafanya nini kama huna pesa ya hisa 100. Wengine hukufungia saa ya mwisho kwa bei yoyote wanayoikuta.

Usinunue opsheni siku moja kabla ya kikao cha OPEC. Primiamu inakuwa imeshavimba kwa hofu ya wote, kikao kikiisha inanywea, na unaweza kubahatisha upande sahihi ukapoteza vilevile. Kama umeuza opsheni ya kununua, angalia kalenda ya gawio, XLE hutoa kila robo mwaka na wenye haki huwahi kuzichukua hisa kabla. Ukibaki na hisa zenyewe, gawio hukatwa asilimia 30 huko huko, maana Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. TRA nao wanahesabu kipato chako cha nje, tunza taarifa za akaunti.

Mengine unayajua. Signali za Telegram achana nazo. Broka asiye na leseni ya CMSA, msimamizi wa masoko ya mitaji nchini, ugomvi wenu utasikilizwa nchi ya mbali kwa gharama yako. Benki iulize utaratibu wa kutuma dola nje kabla ya kutuma. Majina ya pasipoti na ya akaunti ya benki yalingane herufi kwa herufi. Toa dola 50 kwenye akaunti ya broka kwanza, zifike mkononi, ndipo uweke 1,000.