SOMO: Skani za biti 16, programu ipi inazifungua bila kuziharibu

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hapa.

1. Kwenye skana chagua biti 48 kwa picha ya rangi (16 kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu), au biti 16 kwa nyeusi na nyeupe.

2. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili inayobeba biti 16. JPEG ya kawaida haivuki biti 8.

3. Kagua programu unayofungulia. Hapa ndipo kazi za watu wengi zinapoharibikia. GIMP 2.8 (programu ya kuhariri picha, toleo la zamani) inafungua TIFF ya biti 16 vizuri tu, lakini inaishusha kuwa biti 8. Inatoa onyo, nyie mnabofya OK bila kusoma. Ukishahifadhi juu ya faili ya awali, imekwisha: ngazi 65,536 za mwanga za biti 16 zimebaki 256 za biti 8. Kuipandisha tena kuwa 16 hakurudishi kitu. Tumia GIMP 2.10 au mpya zaidi, kisha tazama menyu ya Image, Precision, uhakikishe picha bado ni ya biti 16. Na faili ya awali usiiguse kabisa, fanyia kazi nakala.

4. Rekebisha mwanga na rangi kwanza. Nakala ya JPEG ya kutuma WhatsApp iwe ya mwisho.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo JPEG inafaa?
Hatua ya 2.

— Nimefuata zote, picha ni giza tupu. Somo lako halifanyi kazi.
Somo halina shida. Hujasema unatumia programu gani. Kama ni faili ghafi ya VueScan (programu ya kuendesha skana), hiyo ni ya linea, yaani mwanga umeandikwa kama skana ilivyoupima, lazima ionekane giza. Pandisha gama, yaani mwanga wa sehemu za kati.

— Mbona kwa macho sioni tofauti ya 8 na 16?
Swali zuri. Kabla ya kuhariri hutaiona, skrini nyingi zenyewe ni za biti 8. Chukua negativu iliyofifia, ambayo picha nzima imebanwa kwenye ngazi 60 kati ya 256. Ukizivuta zijaze nafasi yote, anga linakatika mistari mistari. Kwenye biti 16, eneo lile lile lina ngazi zaidi ya 15,000, kwa hiyo linabaki laini.

— Nitajuaje kama faili ya zamani ilishashushwa?
Kama ni nyeusi na nyeupe, tumia ImageMagick (programu ya picha inayoendeshwa kwa amri za kuandika) ya Q16, yaani inayosoma biti 16:
magick identify -format "%k" picha.tif
Inahesabu rangi zilizomo. Isipovuka 256, ni biti 8 iliyovikwa koti la 16.

— Faili moja MB 120! Niweke LZW?
Hapana, kwenye biti 16 LZW (njia ya kubana TIFF) mara nyingi inaiongeza faili ukubwa. Chagua mbano wa ZIP wa humo humo kwenye TIFF.