Timu ya Mpira wa Meza ya Skuli: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Msimu

Skuli nyingi zikisikia tarehe ya mashindano hukimbilia kuchagua wachezaji. Anzeni na meza. Visiwani kwetu unyevu, chumvi na upepo huharibu mchezo huu kabla mchezaji hajakosea, na mtoto akizoea meza mbovu hujifunza kupiga vibaya. Wiki nane kabla ya mechi ya kwanza zinatosha.

Simamisheni rula juu ya meza, mdondoshe kipira kutoka urefu wa sentimita 30. Kinapaswa kuruka hadi kiasi cha sentimita 23. Rudieni kwenye pembe zote, katikati, na karibu na wavu. Kipira kikifia mahali, ama mguu unaelea ama ubao umekunywa maji. Mguu dawa yake ni kipande cha ubao chini yake mpaka uso wa meza ufike sentimita 76 kutoka sakafuni. Pimeni kila pembe, kwani sakafu za saruji hazilingani. Ubao uliovimba haurudi. Upande huo uacheni kwa mazoezi ya kuanzisha mpira, mechi za mchujo zichezwe kwingine. Wakati wa masika meza isilale barazani wala isiegemezwe ukuta unaovuja. Vibanio vya wavu hushikwa na kutu upesi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu kila baada ya wiki mbili linatosha. Wavu uwe na kimo cha sentimita 15.25, na kamba ivutwe sawasawa, maana ikilegea katikati hushuka na wachezaji huzoea kupiga chini mno.

Sasa raketi. Burura kipira taratibu juu ya raba, ile ngozi ya mpira iliyobandikwa kwenye raketi. Kikishikwa, raba ingali hai. Kikiteleza kama juu ya kigae, imekufa, na mzunguko wa kipira hautapatikana hata kwa mkono hodari. Mara nyingi haijafa bali imejaa jasho na vumbi. Ifuteni kwa sponji yenye maji safi bila sabuni, ikauke kivulini, kisha ifunikeni kwa karatasi laini ya plastiki. Raketi ikiachwa mbele ya dereva kwenye daladala wakati wa jua la mchana, gundi hulegea na raba huanza kubanduka pembeni. Hakikisheni pia upande mmoja ni mweusi na wa pili ni wa rangi kali tofauti, kama nyekundu. Raketi zenye rangi moja pande zote mbili mwamuzi atazikataa.

Vipira vya mazoezi na vya mechi viwe vya aina moja. Vya plastiki vya milimita 40 vilianza kutumika kimataifa mwaka 2014, lakini kwenye makabati ya skuli bado vimo vya seluloidi, aina ya zamani, na mruko wake si sawa. Kila kipira kizungusheni juu ya meza: kinachoyumba si cha mechi, na chenye ufa hujulikana kwa sauti.

Mavazi hupuuzwa, kisha huleta ugomvi siku ya mechi. Kipira kikiwa cheupe, rangi kuu ya fulana haitakiwi kuwa nyeupe, na sare zetu nyingi ni nyeupe. Kwa wasichana, mtandio mweupe unaoning'inia kifuani humficha mpinzani kipira wakati wa kuanzisha. Hijabu ya rangi ya fulana, iliyobana shingoni, huondoa tatizo. Ishonwe mapema, izoeleke mazoezini.

Wachezaji wapangwe kwa ngazi, si kwa jicho la mwalimu. Majina yaandikwe ukutani, na kila wiki mtu ampe changamoto aliye juu yake, seti tano, pointi 11 kila seti. Mpangilio una uzito: katika mfumo unaotumika sana wa timu ya watu watatu, wawili hucheza mara mbili na mmoja mara moja. Someni kanuni za mashindano yenu kabla ya kuamua nani awe wa mara moja. Na kila mmoja ajifunze, wakati wa kuanzisha, kurusha kipira juu angalau sentimita 16 kutoka kiganja kilichofunguka. Hapa ndipo wageni wa mashindano hupoteza pointi za bure.

Kipira kina gramu 2.7, hivyo upepo wa kusi unaoingia dirishani hukihamisha. Wiki tatu za mwisho fungeni madirisha na mzime mapangaboi. Joto litazidi, na mwili unahitaji kulizoea kabla ya siku yenyewe. Kila mtoto awe na chupa ya maji na taulo. Ramadhani ikiangukia humo, mazoezi yahamie baada ya tarawehe na kazi ya miguu ipunguzwe.

Timu inayovuka bahari, tuseme kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, ifike siku moja kabla. Bahari ya kusi hulewesha, na aliyetapika boti nzima hafai kuingia mezani jioni hiyo. Vipira visafiri ndani ya kopo gumu. Vyeti vya kuzaliwa na ridhaa za wazazi viwe kwenye faili moja, nakala mbili, mkononi mwa mwalimu na si kwenye mizigo ya chini.

Siku ya mechi kuna dakika mbili tu za kupasha mkono mezani, kwa hiyo miguu ipashwe nje kwanza. Baina ya seti raketi hubaki juu ya meza, mchezaji asiondoke nayo bila ruhusa ya mwamuzi.