Namna ya Kuzuru Sipi, Kijiji cha Maporomoko na Mapango

Sipi iko Wilaya ya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, volkano iliyozimika zamani. Msafiri atokaye Kampala hupitia Jinja hadi Mbale, kisha hupanda teksi ya Kapchorwa na kumwomba dereva amshushe Sipi, kwa kuwa kijiji hutangulia mji. Barabara ni ya lami, ila pesa taslimu zichukuliwe Mbale kabla ya kuanza kupanda mlima.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, udongo unapokuwa mkavu. Wakati wa masika maji hujaa na kupendeza zaidi, lakini vijia huteleza sana, na miteremko ya Elgon inajulikana kwa maporomoko ya ardhi. Kwa maoni yangu, uzuri huo haustahili hatari hiyo.

Maporomoko ya maji ni matatu. Lililo chini kabisa, lenye urefu wa takriban mita 100, litembelewe asubuhi na mapema, kwa sababu njia yake ni ya mteremko mkali, kurudi juu kunachosha, na mvua za mlimani hupenda kunyesha alasiri. Mchukue kijana wa hapo hapo akuongoze na mpatane malipo kabla ya kuondoka, kwani vijia hupita katikati ya mashamba ya kahawa na migomba ya watu, na mwenyeji ndiye ajuaye pa kuomba ruhusa. Viatu viwe vya kushika ardhi. Ndala ziachwe chumbani.

Kuhusu mapango ninasisitiza tahadhari. Kusimama mdomoni mwa pango na kutazama miamba kunatosha. Usiingie ndani kabisa penye popo, wala usiguse kinyesi chao. Mwaka 2017 ugonjwa wa Marburg, homa hatari ya virusi vinavyobebwa na popo, ulizuka katika wilaya jirani ya Kween, na mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo. Kiongozi akikuhimiza uingie, kataa kwa upole.

Jioni omba kuonyeshwa jinsi Wasabiny, wenyeji wa hapo, wanavyokaanga na kutwanga kahawa ya arabika, na ulipie kikombe chako. Anayetaka kufika Wagagai, kilele cha Mlima Elgon, mita 4,321, apange safari nyingine ya siku kadhaa kupitia Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, inayosimamia hifadhi ya mlima huo.