Jinsi ya kujenga kaburi la kale la mawe nyuma ya darasa

Mwalimu mwenzangu wa Historia, mawe hapa Mwanza si shida. Shida ni mashariki. Ziwa liko magharibi yetu, na upande jua linakotokea vilima vimesimama. Wa Ukerewe ya mashariki mna bahati.

Ninachojenga na wanafunzi ni mfano wa La Hougue Bie, kaburi la zaidi ya miaka 5,000 kisiwani Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa. Ujia wake una mita 18.6, na usiku na mchana vinapolingana, jua la asubuhi hupenya hadi ndani kabisa. Fanya Septemba 22 au 23. Machi ni masika.

Siku chache kabla, simika kijiti wima, uchore duara kukizunguka. Weka alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi, kisha tena alasiri. Unganisha alama: huo ndio mstari wa magharibi na mashariki.

Nunua mabapa kwa wapasua mawe. Yasimamishe safu mbili kwenye mtaro, theluthi ya kila jiwe iwe ardhini, ushindilie udongo wa kichuguu. Vipimo halisi usivifuate kwa ukaidi: ujia mrefu wenye mlango mfupi utakosa jua, kwa kuwa likishavuka vilima limekwisha kupanda. Ujia wa sentimita 60 kwa mlango wa kimo cha sentimita 12 unatosha. Mwanga utafika ukutani mpaka jua lipande nyuzi 11 hivi, kama dakika 45 tangu macheo ya uwanda tambarare. Funika kwa mabapa, wawili wakishika kila moja, kisha kokoto na udongo.

Jersey jua hupanda mshazari, mwanga ukahama pembeni. Kwetu hupanda karibu wima, kwa hiyo mwanga hurudi nyuma sakafuni kuelekea mlangoni. Waache wauone.

Sasa utamu. Kule Jersey, Wakristo walijenga kanisa juu ya kilima cha udongo kinachofunika kaburi, katika karne ya 12. Karne ya 18 mnara wa makazi ukalimeza. Mnara finyanga kwa udongo mbichi, maana ulibomolewa 1924, mwaka ambao wanaakiolojia walilichimbua kaburi. Kazi ya kubomoa wape watundu. Mwisho, handaki la jeshi la Wajerumani la 1942: lichimbe ubavuni, mbali na ujia, la sivyo mabapa yatalala.

Mzazi akihoji kaburi linafanya nini shuleni, mwonyeshe kanisa kwanza.