Pika, piga zoezi, pumzika: jioni ya siku ya kazi bila kuchanganyikiwa

Adui wa kwanza ni kochi. Unaingia ndani saa 12 na nusu, umetoka Posta katikati ya Dar umesimama kwenye basi mpaka Kimara, mkoba bado uko begani, unasema ngoja nikae dakika mbili tu, ukija kushtuka saa 2 taarifa ya habari inaanza, hujapika, hujafanya zoezi, na kupumzika kwenyewe hujapumzika maana muda wote ulikuwa unaperuzi simu huku roho inakusuta. Mi nimeishi hivyo kama miaka mitatu, watoto wanakula saa 3 na nusu wakiwa wanasinzia kwenye sahani, mimi nalala saa 6, asubuhi naamka nimenuna.

Kilichonisaidia ni kitu kimoja tu, sikai kitako mpaka nimebandika sufuria. Nikifika navua viatu, naweka mkoba, naosha mikono, naenda jikoni moja kwa moja na nguo za kazini hivyohivyo. Ukishakaa umeisha.

Lakini hii haifanyi kazi kama kila siku unaanza kupika moja. Maharage ukianza kuyachemsha saa 1 usiku utakula saa ngapi? Kwa hiyo kazi kubwa naimaliza Jumapili. Jumamosi usiku naloweka kilo moja ya maharage, asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya na nachemsha mpaka yaive (ya mekundu hakikisha yametokota sawasawa kwa moto mkali, yasipoiva vizuri yana sumu yake ya asili, utatapika na kuendesha). Yakipoa nayagawa kwenye kontena 4, moja la Jumatatu linabaki kwenye friji, mengine friza. Jiko likiwa bado linawaka nakaanga sosi ya wiki nzima, vitunguu vingi, nyanya, karoti, hoho, kitunguu swaumu, naiacha ikauke maji mpaka mafuta yajitenge, naiweka kwenye chupa. Hiyo sosi ndo mkombozi wangu kiukweli. Jumatatu inaingia kwenye maharage na tui la nazi, Jumanne kwenye dagaa, Jumatano navunjia mayai, na kote huko sijamenya kitunguu hata kimoja. Mchicha nanunua siku hiyohiyo kwa mama wa genge pale njiani, unaiva dakika 5, hauna haja ya kuandaliwa. Ijumaa sipiki. Ijumaa ni zege (chipsi mayai) na kachumbari kwa kijana wa chipsi, na asije mtu akanisema.

Kama huna friji usikate tamaa, chemsha maharage ya siku mbili tu, uyapashe mpaka yachemke asubuhi na jioni, siku zingine egemea dagaa, mayai na mboga za majani. Ila kiporo cha wali usikiache mezani usiku kucha kwenye hili joto la Dar, kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata wali ukichemka, wakizaliana wanaacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Pika unaoisha.

Haya, zoezi. Watu wengi tunalipeleka baada ya chakula, na baada ya chakula hakuna zoezi jamani, tumbo limejaa wali maharage utaruka kamba vipi. Mimi nalifanya wakati chakula kinaiva. Wali ukishakaribia kukauka maji unapunguza moto mpaka mwisho, unafunika, hapo una kama dakika 15 ambazo wengine wanazitumia kusimama wakiangalia mfuniko. Navaa raba naenda uani, naruka kamba sekunde 40, napumzika 20, kisha skwoti (kuchuchumaa na kuinuka), kisha pushapu za ukutani (za chini bado zinanishinda, nitafika), kisha planki (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka), narudia mpaka wali unukie. Siku ya kwanza wapangaji wenzangu wote walitoka kuchungulia, wakadhani nafukuza panya. Sasa hivi kuna wawili wanakuja na kamba zao.

Na hapa nikuonye kwa yaliyonikuta. Kuna siku nilibandika dagaa nikasema nikimbie kidogo mpaka barabarani nirudi, nikakutana na mtu tukapiga stori, narudi harufu naikuta getini, sufuria imekuwa nyeusi mpaka leo nawashia mkaa. Kwa hiyo zoezi la wakati wa kupika ni la pale pua inapofika tu. Kama jiko linawaka hutoki geti.

Kutembea nako nimekuingiza kwenye safari ya kurudi. Sishuki Kimara Mwisho siku hizi, nashuka kituo cha Bucha kabla ya hapo namalizia kwa miguu, nikipunguza mwendo kwa ajili ya stori ni robo saa imepotea, nikikaza kifua kinapanda na jasho linatoka. Raba ziko kwenye mkoba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 za kukaza misuli, na zamani walitaka iwe dakika 10 mfululizo ndo ihesabiwe ila mwongozo wa 2020 ukaliondoa hilo sharti, vipandevipande vinahesabika. Piga hesabu sasa, dakika 15 za kutembea kwa siku 5 ni 75, dakika 15 za uani kwa siku 4 ni 60, jumla 135, zilizobaki namalizia Jumamosi kwenye jogging na majirani. Sijalipia jim hata shilingi. Kama ni mwanamke na njia yako ina giza, jua la Dar linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro kutegemea na miezi, kwa hiyo ukichelewa kutoka ofisini acha kutembea, shuka kituo chako, fanya za uani.

Saa 1 na nusu tunakula. Vyombo sio vyangu, hilo tulilimaliza kwa kikao, mimi nimepika, baba watoto na mkubwa wanaosha, mdogo anafuta meza. Mwanzo vilikuwa vinaoshwa na mafuta yake nikawa naingia jikoni kurudia, nikajikanya mwenyewe, maana ukirudia mara moja kazi imerudi kwako jumla.

Kupumzika kuna saa yake pia, usipokupangia saa kunaliwa na vitu vingine. Kwangu ni saa 2 na nusu, nimeshaoga, nguo za kesho zimeshanyooshwa, simu inachajiwa sebuleni na mimi nakaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi isiyo na majani ya chai, tunaongea na baba watoto mambo ya siku, au sisemi kitu kabisa naangalia watu wanaopita. Hapo sasa kochi ni ruksa. Saa 4 niko kitandani.

Itakuja siku umeme umekatika, au mtungi wa gesi umeisha wali ukiwa katikati. Mimi natunza jiko dogo la mkaa na mfuko wa mkaa kwa dharura, na siku hiyo zoezi ni kupepea. Na kukiwa na mechi kubwa ya saa 1 usiku usijidanganye kwamba utaruka kamba, zoezi lihamie kesho yake, pika mapema, kalia kochi lako.